Miaka ya Yustus Wangu

Jumatatu, 3 Novemba

Na tena, alivyo mzuri hata kwenye gauni la wodini! Yustus wangu. Ndoa yetu ina mwezi mmoja tu, na keshokutwa anapasuliwa ngiri. Dada Agnetha, mtaalamu wa usingizi, kasema hatalala. Atachomwa ganzi mgongoni, isambae tumboni hadi miguuni. Nikauliza inasambaa kwa kufuata nini. Mahali sindano inapoingia, akasema, wingi wa dawa, na umri. Wenye umri hupewa kidogo.

Kidogo! Mume wangu apunjwe? Asikie kisu?

Jumanne, 4 Novemba

Mpango: kumnenepesha, mwili udai dawa zaidi. Matoke na maharage asubuhi, mchana, jioni. Kala yote, mpenzi, bila kuuliza! Agnetha kacheka. Unene wake huo haubadilishi kitu.

Basi, piko. Nimempaka kichwa na ndevu. Mvi kwaheri! Kijana wa kwaya kabisa.

Jumatano, 5 Novemba

Agnetha kauliza umri. Nikawahi kujibu mimi: thelathini na minne. Yustus kakohoa. Papo hapo kaingia mama mkwe Costansia kutoka Nyakakika, na kikapu cha senene wa kukaanga. Nikapiga magoti, shikamoo Mama, nikiomba aitikie tu.

Wapi! Kacheka mpaka kitenge kikafunguka. Thelathini na minne ni ya kitinda mimba wangu! Huyu ana hamsini na sita. Na kichwani mmempaka masizi ya chungu?

Agnetha hakucheka. Kwa mtu wa umri huo, kasema, dawa ya kijana ingepanda mpaka kifuani, ikambana pumzi na kushusha presha. Nikalia. Yustus kanishika mkono: alijua nampenda, hakujua ni kwa kiasi cha kumzika.

Jumamosi, 8 Novemba

Salama! Dawa kidogo tu, ikaenea vizuri. Alipasuliwa huku anamsimulia Agnetha habari za kahawa yetu. Leo katembea hadi dirishani, akanipungia. Jamani, moyo wangu!

Shangazi Edith wa Igurwa kapiga simu. Desemba anapasuliwa goti, kwa ganzi hiyohiyo, na anaogopa kuchomwa dawa nyingi. Nimemtuliza. Mwenye umri hupewa kidogo, Shangazi, kwa hiyo miaka yako hamsini tutaifanya themanini. Asijibu daktari lolote bila mimi. Kabla mwezi huu haujaisha nitafika Igurwa, na unga wa kumpaka mvi.