Betri Kavu ya Norrmyra

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mlezi wa Kamati ya Nishati, ambaye pia ni mimi. Mchungaji wetu Bi. Gunhild, makocha, madereva, wastaafu, na nyinyi nyote mlioyaacha maandazi yenu ya mdalasini yapoe mkaja kunisikiliza! (Makofi ya hapa na pale.)

Mimi, Meya Torkel Hedlund, nina furaha isiyo kifani kutangaza kwamba, kwa mujibu wa mpango mkakati jumuishi wa kuwezesha mchakato wa mageuzi ya teknolojia, mji wetu wa Norrmyra unaingia rasmi katika enzi ya betri kavu, betri ambayo ndani yake hamna hata tone la kimiminika cha kushika moto, ila utando wa plastiki, mwembamba kama ganda la kitunguu, unaopitisha chembechembe za lithiamu zinazobeba umeme, moja moja, kwa adabu, kama sisi tunavyopanga foleni dukani. (Kicheko.) Utafiti niliousimamia mwenyewe unaonesha kwamba asilimia mia moja na arobaini ya wananchi wanaunga mkono!

(Dkt. Sigbritt Öhman, mkemia mstaafu, anasimama: “Torkel, plastiki hiyo haifanyi kazi vizuri mpaka ipate joto la nyuzi sitini. Leo tuko ishirini chini ya sifuri!”)

Ahsante, daktari. Changamoto hiyo tumeshaichakata, na ndiyo maana kila basi la umeme litafungiwa sauna, chumba cha joto kali la kutoa jasho. (Vifijo. Madereva wanarusha kofia juu.) Dereva atachemka, betri itachemka, abiria watashuka wametakata!

(Kocha Rune: “Na uwanja wetu wa hoki ya barafuni mlioubomoa, je? Wasichana wa timu yangu wanateleza kwenye maegesho ya kanisa, wanagonga gari la mchungaji!”)

(Bi. Gunhild: “Mara mbili!”)

Kocha, ndugu yangu, uwanja ulibomolewa kupisha kiwanda cha betri hizi, na historia itawakumbuka wasichana hao kama mashujaa wa lithiamu. (“Mashujaa gani? Wamevimba magoti!”) Betri kavu! (“Oyee!”) Norrmyra! (“Juu!”) Utando! (“Mwembambaaa!”)

Mwisho kabisa, namshukuru mama mkwe wangu, Bi. Märta, aliyekichora kiwanda chetu kwa penseli za rangi, na milango yake, na bendera yake, hadi mlinzi getini akitabasamu. Maana bila karatasi yake ile, ndugu zangu, kiwanda hiki kisingekuwepo mahali popote duniani.

(Dkt. Sigbritt anapanda jukwaani na kuzima maikrofoni.)