Hataza ya Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Ofisi ya hataza wamenirudishia maombi. Sababu? Eti sijaeleza kifaa changu kinafanyaje kazi. Bila shaka sijaeleza! Nimekwenda nilindiwe siri, wao wanataka niwape siri. Ni kumpeleka mbuzi kwa fisi alindwe, fisi akasema mlete kwanza nimwonje.

Nilimwambia karani wa mapokezi maneno hayo hayo. Akanijibu kwa upole, hata macho hakuinua, kwamba hataza ndivyo ilivyo: wewe unawaonyesha watu ulichobuni, nao wanakuachia haki yake kwa miaka kadhaa. Mtu akijua umebuni nini ndipo anajua asiibe nini. Halafu akaongeza kwamba mficha uchi hazai. Mbele ya watu! Nikamjulisha kwamba mimi nina watoto watatu. Foleni nzima ikacheka. Mpaka sasa sijui walicheka nini.

Nimerudi nyumbani nimefura. Naandika haya ili siku moja ijulikane ni nani aliyebuni Kiti Nyanyua. Mtu anaketi, anabonyeza kishikio, na springi za pikipiki zilizo chini ya kikalio zinamnyanyua mpaka amesimama. Nimekibuni kwa ajili ya mama mkwe, ambaye magoti yake yamegoma tangu ahamie kwetu. Akitaka kuinuka humwita binti yake. Binti yake akiwa hayupo, anakaa tu kumsubiri, maana mkwe hawezi kuniomba mimi nimshike mkono, na mimi siwezi kujipendekeza kumshika. Jana nilimkuta ana kiu na jagi la maji liko juu ya meza, upande wa pili wa sebule. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akilitazama.

Kiti kikikubali, ataamka mwenyewe. Na ataacha kuniita "huyu wa mageti". Mimi si wa mageti tu. Nachomelea mageti kwa sababu dunia bado haijanijua.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa yao. Wanataka mchoro? Nitawapa mchoro. Ila si ule wa kweli.

Nimekaa karakanani nikachora kiti kile kile, springi nimeziondoa zote. Mahali pake nimetia upuuzi mkubwa kuliko wote uliowahi kunijia kichwani: mfuko wa mchanga. Unaning'inia nyuma ya kiti kwa mnyororo. Mnyororo unapita juu ya gurudumu dogo, ncha ya pili imefungwa kwenye kikalio. Ukifyatua kishikio, mfuko unashuka, kikalio kinapanda. Nguvu ikipungua, eti unaongeza mchanga kwa kopo. Kwa kopo! Nilicheka mpaka nikaegemea mtungi wa gesi. Atakayeiba hapo ataondoka na mchanga.

Maelezo nayo nimeyaandika kwa unyofu, hatua kwa hatua, kama mtu mkweli. Nimepeleka mchana huu huu. Karani amegonga muhuri, nami nikatoka kifua mbele.

Mwizi mwenyewe ninaye tayari. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima humwita Spoku. Kila jioni anakuja kumjulia hali mama yake, na kila jioni macho yake yanatangulia karakanani kwangu. Juzi aliniuliza kama nahitaji msaada. Msaada! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeacha nakala ya mchoro wa uongo mezani sebuleni, nikaweka kikombe juu yake ionekane nimeisahau. Tuone.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilijaribu kiti cha kweli. Kulikuwa na tatizo moja tu, uzito. Springi lazima zikazwe kulingana na anayenyanyuliwa. Sasa nani atamwuliza mama mkwe uzito wake? Mimi? Bora ardhi ipasuke inimeze. Kumkadiria kwa macho nako ni utovu wa adabu, mtu hamtazami mama mkwe namna hiyo. Kwa hiyo nilimkadiria huku nimeangalia ukuta. Nikasema, tuseme mfuko wa saruji. Na nusu mfuko juu yake kwa tahadhari.

Kumbe mama mkwe ni mwembamba. Miaka yote hii sikuwa nimegundua, kwa heshima.

Aliketi taratibu. Akasema kiti kizuri, mwanangu, mto wake laini. Mwanangu! Tangu nimwoe binti yake sijawahi kuitwa hivyo. Nikambonyezea kishikio.

Sitaeleza yote. Kiti kilifanya kazi. Kilifanya kazi kupita kiasi. Mama mkwe alisimama, akazidi kusimama, akaipita meza, akatua kwenye kochi la upande wa pili akiwa ameketi vile vile, mtandio wake ukamfikia baadaye. Hakuumia. Ila alimgeukia binti yake, si mimi, akasema kama tumemchoka tungemwambia tu, angefunga mizigo yake.

Mke wangu amesema kiti hicho kisionekane tena ndani ya nyumba hii. Na mama yake hatakalia kitu chochote kilichopita mikononi mwangu. Nilijaribu kumweleza kwamba heshima ndiyo iliyoharibu hesabu. Akaniambia chakula changu kiko karakanani. Nimekula karakanani, juu ya vyuma. Nina hasira na springi, nina hasira na saruji, nina hasira na adabu zote nilizofundishwa na wazazi wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Kikombe kipo mezani. Mchoro haupo. Mtego umenasa!

Nilimwuliza mke wangu kwa sauti ya mtu asiyejali. Akasema ndiyo, amempa mdogo wake, kwa sababu yule angalau akianza kitu humaliza. Hakuona aibu hata chembe. Kumbe ni njama ya nyumba nzima. Nikajitia hamnazo, nikatoka napiga mluzi, nikaenda kupiga nyundo kipande cha chuma ambacho hakikuhitaji kupigwa.

Lakini moyoni nimefurahi. Abebe mchanga, mshenzi yule.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika tarehe mara tatu, kalamu inatoboa karatasi.

Spoku amekuja na kiti. Amekitengeneza vile vile kama kilivyo kwenye mchoro, neno kwa neno. Gurudumu ni la baiskeli ya mtoto, mnyororo ni wa baiskeli, mfuko ameushona kwa turubai. Akauweka mchanga kwenye ndoo kando ya kiti, akampa mama yake kopo. Akamwambia mama, tia mwenyewe kidogo kidogo mpaka uone kinakuitikia. Kisha akageuka akaangalia dirishani. Mke wangu naye akaangalia dirishani. Mama mkwe akatia kopo moja, akajaribu, akatia jingine, amefunika mfuko kwa upindo wa nguo yake ili mtu asihesabu. Hakuna aliyemwuliza uzito wake. Hakuna aliyejua.

Halafu akainuka. Polepole, kama unga unavyoumuka. Akasimama. Akatembea mpaka mezani, akajimiminia maji, akanywa akiwa amesimama. Mke wangu alianza kulia. Spoku akafuta pua kwa mkono wenye grisi akabaki na masharubu meusi.

Na mimi? Mimi nilikuwa mlangoni, mori umenipanda mpaka naona nyota. Mchanga! Upuuzi wangu mwenyewe umesimama sebuleni kwangu, unashangiliwa!

Spoku akanifuata. Akanishika bega, akasema shemeji, una kichwa wewe, hii ya mchanga ningetoa wapi, mimi nimefuata tu mchoro wako. Nilimtazama machoni. Mwizi wa kawaida hukana. Huyu anakiri na kusifu juu! Huo ni wizi wa kiwango ambacho sijawahi kukutana nacho. Nikamwambia aondoe mkono wake begani kwangu. Akauondoa. Grisi imebaki kwenye shati langu la heshima.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa ofisi ya hataza. Safari hii si karani, ni mkaguzi mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani moja puani na nyingine kichwani. Alinikaribisha kiti. Akasema amepekua kila mahali na hajaona mtu aliyewahi kufanya hivyo. Mtumiaji anajipimia nguvu mwenyewe, haihitaji umeme, haihitaji fundi, mchanga uko kila mahali. Alisema kazi nyingi zinazomfikia zina vyuma vingi na akili kidogo. Yangu ni kinyume. Mambo yakienda hivi, hataza itatoka kwa jina langu.

Kisha nikamwuliza, kama mfano tu, kuna jamaa fulani namfahamu, yeye katumia springi. Mama yule akacheka. Akafungua kabati, akanionyesha mchoro wa kiti cha springi. Kingine. Na kingine. Springi, vyote springi. Cha kwanza kabisa kilibuniwa kabla babu yangu hajaota meno. Akasema hivyo vya springi tatizo lake huwarusha watu.

Huyo ni msomi wa serikali! Ameusifu uongo wangu na kuucheka ukweli wangu. Nimetoka pale nimeuma meno, taya linaniuma hadi sasa.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekuja wote kwa pamoja, mke wangu, Spoku na mgeni mwenye sare ya hospitali. Niliwaona getini nikajua hapa kuna jambo.

Mama mkwe jana alikwenda hospitali kupimwa magoti, na huko akawasimulia wazee wote kuhusu kiti chake. Leo amekuja muuguzi mkuu wa wodi ya wazee kukiona kwa macho. Amekaa, ameinuka, amekaa tena. Akasema kule wodini kuna wazee wanaoshinda kwenye viti kwa sababu wauguzi hawatoshi kuwainua, na wengine huona haya kuita. Anataka viti hivyo, vingi. Spoku alimwambia hawezi kutengeneza hata kimoja mpaka mwenye kazi aridhie. Mwenye kazi ndiye mimi. Wakanitolea karatasi ya makubaliano. Juu kabisa, mbunifu: jina langu lote, na la baba yangu. Chini yake, fundi: Spoku.

Nikaisoma yote, nikaigeuza, nikaisoma nyuma ambako hakukuwa na kitu. Hapo ndipo nilipozidi kushtuka. Mwizi gani anakuletea karatasi yenye jina lako juu? Ni yule mwenye mpango mrefu! Nikishatia sahihi kwenye mchanga, nani atakumbuka springi? Mtaani nitaitwa Bwana Mchanga mpaka kaburini. Wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama mkwe aliinuka mwenyewe kitini, akaja na kalamu mpaka niliposimama. Akasema shika, mwanangu. Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: kidogo nishike. Miguu yake haikuwa ikitetemeka hata kidogo. Lakini nikamwona Spoku nyuma yake anatabasamu, na tabasamu lile likanipa jibu.

Nikakataa. Mke wangu akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia mimi kazi yangu yote ni kuinama, mgongo umepinda kwa mageti ya watu, na safari hii siinami.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewahi ofisi ya hataza kabla hawajafungua. Nimeomba kuondoa maombi yangu. Mahali pa sababu nimeandika kwa herufi kubwa: MCHORO NI WA UONGO, NILIUCHORA KUWAPOTEZA WEZI.

Mkaguzi alisoma. Akavua miwani ya puani, akavua na ya kichwani. Akaniuliza kama nina ugomvi na mtu. Nikamwambia ninao na wengi. Akanisihi nikanywe chai kwanza nirudi. Sikwenda. Basi akanieleza, polepole, kama anaongea na mgonjwa: kwa kuwa kiti kimeshaonekana na watu wamekitumia, nikiondoa leo sirudi tena. Kitakuwa cha wote. Yeyote atakitengeneza, popote, bila kuniuliza, na jina langu halitakuwapo. Wala la shemeji yangu? nikauliza. Wala la mtu yeyote, akasema. Nikamwambia hicho ndicho ninachokitaka. Nikatia sahihi. Yeye ndiye aliyehuzunika, masikini, sijui kwa nini.

Nimewatangazia nyumbani. Spoku alikaa kwenye ngazi ameshika kichwa. Muuguzi ametuma ujumbe kwamba mafundi wa hospitali wataanza kuvitengeneza wenyewe wiki ijayo. Mke wangu amehamishia mto wangu karakanani. Mama mkwe aliinuka, akapita mbele yangu kwa miguu yake miwili, akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu.

Wanune. Walijipanga wote, nyumba, ofisi na hospitali, na mimi peke yangu nimewapiga chenga. Leo nitalala usingizi mnono, maana hapa hakuna tena kitu changu ambacho mtu anaweza kuiba.