Unga wa Meno wa Daktari Pantaleo

"Meno ya mtoto si sufuria, Mama Vumilia! Usiyasugue kwa majivu!"

"Mtoto wangu, meno yake. Wewe Mama Mwita umehusika wapi?"

"Nimehusika kwa sababu majivu umechota jikoni kwangu."

Hiyo ilikuwa asubuhi, Masumbwe, mji wa dhahabu, juu ya ukuta mfupi unaotenganisha nyumba mbili. Chini ya ukuta alikaa Vumilia mwenyewe, kanga mdomoni. Jumamosi angeagwa kwa sherehe, aende kuolewa. Alikulia kijijini kwa bibi yake, akinywa maji ya kisima, akatoka huko na madoa ya kahawia kwenye meno. Tangu hapo alicheka na kiganja mdomoni, na hakutaka picha za kuagwa kwake ziwe picha za kiganja.

"Ni yale maji," alisema Mama Mwita, aliyepokea wagonjwa miaka sita katika kliniki ya meno. "Doa limeingia jino likiwa bado halijaota. Ukisugua majivu na ndimu, unakula jino, doa linabaki. Mpeleke kwa daktari wa meno aangalie kwanza. Kuna dawa wanapaka wenyewe, fizi wamezikinga. Ikigoma, wanayafunika ya mbele."

Barabarani alikuwa anapita Pantaleo, shati jeupe, meno kama ya tangazo. Watu wengine huitwa kwenye kazi yao na ndoto. Yeye aliitwa na maneno ya ukutani.

"Shikamoo, mama zangu."

"Marahaba."

"Daktari Pantaleo." Akatoa kopo. "Meno Lulu, kutoka Dubai. Siku tatu, doa kwaheri."

Unga ule haukuwahi kuiona Dubai. Ulikuwa vumbi lililookotwa nyuma ya karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, likachekechwa kwa soksi, likatiwa unga wa ndimu na mnanaa kidogo. Pantaleo alikuwa na msimamo mmoja maishani: hakuutumia mwenyewe.

"Bei?"

Pantaleo akamtazama beberu wa sherehe aliyefungwa kwenye mpapai. "Kwa kuwa ni bibi harusi, nitapokea huyo."

"Sikia, mwanangu," alisema Mama Vumilia. "Mimi nanunua dhahabu kwa wachimbaji. Hata awe mjomba wangu, mzigo unapimwa mbele ya macho yangu. Jipige mswaki. Unga ukifanya kazi, beberu wako."

Mara moja haiui mtu. Pantaleo akajipaka kahawa kwenye meno iwe doa, akasugua, akang'aa.

Mama Mwita alinusa kopo, akatabasamu. Wanaomfahamu wangeogopa hapo hapo. Akatoka barabarani kuita mtaa. "Jamani, njooni muone dawa!"

Mtaa ukaja. Na mtaa wa dhahabu haununui kwa macho ya jirani.

"Mimi sikuona," alisema Boaz, fundi pikipiki.

"Daktari, mwonyeshe Boaz."

Akamwonyesha Boaz. Akaja jirani Melania na shemeji zake wanne, kila mmoja akidai hakuona. Pantaleo alihesabu wateja, akasugua kwa furaha. Kufika mara ya kumi na moja, upepo tu ukigusa meno ulimfumba jicho moja. Mara ya kumi na tisa, mswaki ulitoka na damu.

"Sukutua, baba," Mama Mwita akamletea maji ya friji.

Pantaleo alisukutua. Kisha akaruka, akakumbatia mpapai, akaita jina la mama yake.

"Vipi, daktari?" aliuliza Boaz.

"Dawa... inafanya kazi."

"Tumeona," alisema Boaz, na mtaa mzima ukarudisha pesa mfukoni.

Hapo Vumilia akacheka. Alicheka mikono yote miwili tumboni, mdomo wazi, madoa yote nje, na Melania akampiga picha kabla hajakumbuka kujiziba. Akaiangalia ile picha. "Mama," alisema, "kwa daktari wa meno tutaenda tu. Lakini Jumamosi nacheka hivi hivi."

Pantaleo akajifuta midomo. Mpapai aliokuwa ameukumbatia ulibaki na kamba tupu. "Beberu wangu?"

"Wako kabisa," alisema Mama Vumilia, moshi ukipanda nyuma ya nyumba. "Ila basi la kukurudisha kwenu halipandishi beberu, tukakusaidia kumchinja wakati unasugua. Hawa wote ni wageni wako. Beberu wa Jumamosi watamchangia wao, walioshiba. Asante, daktari, wabeja sana."

Akafungua mlango.

"Karibu ndani ule. Mtindi umetoka kwenye friji sasa hivi, na mifupa yote tumekuwekea wewe."