Nyanya Zilizokula Pumzi Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Dada kanipa hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Nisipomwonyesha mmea ulio hai kwenye kiwanja cha nyuma, anampa jirani yetu, fundi cherehani, ajenge kibanda cha kupigia pasi. Fundi keshakipima kwa utepe wake wa kupimia viuno! Basi asubiri. Nina miche kumi na miwili ya nyanya, na nina akili. Mwalimu mstaafu, mpangaji wa chumba cha mbele, kanieleza kwamba mimea hula kaboni iliyomo katika hewa tunayoitoa puani. Kumbe chakula chao ninacho mwenyewe!

Jumatano, 6 Machi
Nimeipulizia miche tangu alfajiri. Kizunguzungu. Nimeangukia ndoo. Fundi kauliza kutoka dirishani kama naisomea dua. Nikaendelea kupuliza, debe tupu haliachi kuvuma. Tatizo ni upepo. Unapeleka pumzi yangu kwake, na mpapai wake unanenepa kwa jasho langu. Dawa nimeipata: mifuko ya nailoni. Kila mche na mfuko wake, pumzi ndani, kamba kwa chini.

Ijumaa, 8 Machi
Msiba. Jua limeipika miche yote ndani ya mifuko. Mwalimu kasema hewa peke yake haitoshi, na joto la mfuko linaua. Angesema mapema! Maiti nimezizika pembeni, chini ya majani makavu, maganda ya jikoni kwa dada, na matumbo ya boga pamoja na mbegu zake. Dada asije akaona. Chakula cha mchana hakikupita kwa huzuni. Cha jioni kilipita.

Jumatatu, 11 Machi
Rundo langu linafuka moshi! Nimelimwagia ndoo tatu. Mwalimu kacheka hadi miwani ikamdondoka. Kasema ule ni mvuke: vijidudu vinazila nyanya zangu na kupumua kama mimi, kaboni inarudi hewani, na jani jingine litaidaka.
“Hakuna kilichopotea,” kaniambia. “Kinazunguka tu.”
Rahisi kwake, kiwanja si chake. Kwa tahadhari, nitamwaga maji kila asubuhi.

Jumamosi, 16 Machi
Dada katoka na fundi, fundi na vigingi vyake. Nikafumba macho. Nikafumbua jicho moja. Juu ya rundo, miche tisa ya maboga, minene, ya kijani!
Dada kaihesabu mara mbili.
“Mdogo wangu, kiwanja ni chako mpaka uvune.”
Nimelia, wala sioni haya. Hata fundi kaweka vigingi chini, kaomba karai moja la rundo kwa ajili ya mpapai wake. Nimempa mawili.
Mwalimu anadai ni kazi ya rundo. Wapi! Ile ni pumzi yangu, imerudi kwa mwenyewe. Ila upepo umeanza tena kuvuma kuelekea kwa fundi. Nimeshaandaa mifuko tisa.