Uzinduzi wa Viendelezi kwenye Kompyuta ya Wananchi

(Ukumbi wa idara, saa tisa na robo alasiri. Jukwaani ipo kompyuta moja, imefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya arusi. Ukutani nyuma yake, projekta inaonyesha kila kilichomo kwenye skrini. Mkurugenzi anasimama mbele ya ukuta huo, anaupa mgongo, anagonga kipaza sauti mara tatu kwa kidole.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa amepata udhuru nafasi yake nimeishika mimi mwenyewe, na kwa hiyo najisalimu kwa heshima zote. Waheshimiwa Wakuu wa Vitengo. Makaimu Wakuu wa Vitengo. Mnaowakaimia makaimu walio likizo. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mwenyekiti wa Kamati ya Kupitia Maandalizi. Viongozi wetu wa dini. Wazee wenye busara. Vijana, taifa la kesho, ambalo tangu mimi nikiwa kijana lilikuwa la kesho hiyo hiyo. Ndugu waandishi wa habari, naona mmekuja mmoja, karibu sana. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi hafifu. Mtu anapiga chafya, jirani yake anamwombea afya.)

Kabla sijaanza, naomba nianze kwa kusema kwamba leo ni siku ya kihistoria, kwa sababu leo, katika mwendelezo wa jitihada za makusudi za idara hii, chini ya uongozi makini wa ofisi ninayoiongoza, tunazindua Mradi Mkuu Jumuishi wa Viendelezi vya Kivinjari, kwa kifupi MMJUVIVYAKI, jina ambalo wataalamu wetu wamenihakikishia kwamba litatamkika kadiri tunavyolizoea. (Makofi kutoka safu ya mbele, ambako wamekaa walio chini yake kikazi.)

Mtaniuliza, Mkurugenzi, hicho kiendelezi ni mnyama gani? Ndugu wananchi, kivinjari ni ile programu mnayofungulia tovuti. Kiendelezi ni kijiprogramu kinachopachikwa humo ili kivinjari kifanye kile ambacho peke yake hakikiwezi. Kipo cha kuzuia matangazo, kipo cha kutunza nywila, kipo cha kumsomea kwa sauti mtu ambaye macho yamechoka. Ni kama mimi nilivyopachikwa katika idara hii: kidogo kwa umbo, kikubwa kwa matokeo. (Kicheko. Mkurugenzi ana kitambi cha kuheshimika.)

(Mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni, safu ya pili: "Mheshimiwa, samahani, tovuti ya chuo inafungwa saa kumi!")

Swali zuri sana, mama, litajibiwa kipindi cha maswali, ambacho kwa bahati mbaya hakimo kwenye ratiba. Lakini asanteni kwa kuniletea mfano hai, maana watu kama huyu mama, fundi wetu wa cherehani, ndio sababu ya mradi huu. Binti yake amechaguliwa chuo cha uuguzi, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi. Saa kumi ikigonga hajathibitisha, nafasi anapewa mwingine. Wiki iliyopita mama huyu alikuja kwenye kompyuta hii hii, akaona kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa ENDELEA, akabonyeza. Kumbe tangazo! Akajikuta ndani ya shindano la friji. Jana akarudi, akabonyeza kitufe kingine, akaambiwa ameshinda friji la pili. Ndugu wananchi, mama huyu ana mafriji mawili ya mtandaoni, na nafasi ya chuo hana. (Kicheko kikubwa. Fundi hacheki.)

(Fundi: "Simu yangu ni ya tochi, haina intaneti, mheshimiwa! Mniachie hiyo kompyuta dakika tano tu, nawaomba!")

Mama yangu, uchungu wa mwana nauelewa, hata mimi ni mwana wa mtu. Lakini kompyuta hii ipo katika hali ya kuzinduliwa. Kwa mujibu wa mwongozo, kifaa kilichofungwa utepe hakiguswi mpaka utepe ukatwe, utepe haukatwi mpaka hotuba iishe, na hotuba ndiyo kwanza ipo ukurasa wa tatu kati ya kumi na tisa. Subira yavuta heri. (Miguno.)

(Pembeni ya kompyuta amekaa dada mmoja, karani wa masijala, ambaye wenzake wanamwita Kidole Kimoja kwa jinsi anavyochapa. Amewekwa hapo ili mwishoni afungue picha ya Mkurugenzi. Anaitazama saa ya ukutani: tisa na dakika arobaini. Anapitisha mkono chini ya utepe. Ukutani kinafunguka kivinjari.)

Naona macho yote yameelekea huku kwangu, nami siwezi kuwapa mgongo wananchi wangu hata kwa nukta moja, kwa sababu itifaki hairuhusu na malezi yangu hayaruhusu. Kwa hiyo nitasonga mbele moja kwa moja kwenye utekelezaji. Tulianza kwa kuunda kamati. Kamati ikasafiri kwenda kujifunza. Ikarudi, ikaandika ripoti kwamba safari ilikuwa fupi, ikasafiri tena. Katika miezi kumi na minane tumejenga framework, tumeoanisha roadmap, na wadau wote wamekaa mkao wa synergy. (Ukutani: mshale unatambaa, unabonyeza neno ONGEZA. Sekunde chache tu, kinatokea kialama kidogo kwenye kona: kiendelezi cha kuzuia matangazo kimeshawekwa. Mnong'ono wa mshangao.)

Ndiyo, shangaeni! Miezi kumi na minane tu! (Kicheko kisichoisha.) Wenye vijicho watasema, mbona vitu hivyo vinapatikana bure mtandaoni? Hapana. Sisi hatukubali kitu kiingie serikalini kwa mlango wa uani. Kila kiendelezi tulikichapa kwenye karatasi, rangi kamili, tukakipokea masijala, tukakigonga muhuri, tukakifungulia jalada, na majalada yote kumi na moja yamefungiwa katika kabati la chuma ambalo ufunguo wake ninao mimi mwenyewe mfukoni. Niambieni, ni mdukuzi gani duniani atakayeifikia karatasi iliyo kabatini? (Mzee mmoja: "Hata mwenye kuitaka haifikii!") Umenena, mzee wangu.

(Fundi ameelewa kinachofanyika. Anatoa karatasi yenye namba ya binti yake, anaikabidhi mbele. Karatasi inapita mkono kwa mkono, kutoka kwa muuza vitabu hadi kwa kinyozi hadi jukwaani. Mkurugenzi anakunywa maji.)

Sasa takwimu. Malalamiko ya wananchi kuhusu kompyuta yamepungua kwa asilimia mia moja na nne tangu tuilete hapa jukwaani asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyeitumia. (Ukutani inafunguka tovuti ya chuo. Vile vitufe vya kijani vyote vimetoweka. Kimebaki kimoja, kidogo, cha buluu. Ukumbi mzima unashangilia, wengine wanasimama.) Kaeni, kaeni, ndugu zangu, msinifanye nitokwe na machozi. Kwa miaka ishirini na mbili ya utumishi sijawahi kuona takwimu zikipokelewa hivi.

(Kidole Kimoja anachapa namba. Tarakimu moja. Nyingine. Saa inasema kumi kasoro dakika tatu. Fundi ameshika futi yake kwa mikono miwili, ameivuta hadi inakaribia kukatika. Sauti ya mama mmoja: "Haraka, dada!")

Nimesikia, mnataka niende haraka, lakini haraka haraka haina baraka, na ukurasa wa kumi na mbili ndio mtamu. Hapa nimeeleza maisha yangu tangu darasa la kwanza. (Ukutani kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Ukumbi umenyamaza kimya.) Tazameni heshima hii! Kimya kama hiki nilikisikia mara ya mwisho siku nilipoteuliwa.

(Ukutani, kwa herufi nene: NAFASI IMETHIBITISHWA. Vigelegele. Viti vinaanguka. Fundi analia wazi wazi, anamkumbatia kila aliye karibu, hata mwandishi wa habari. Mkurugenzi anainama mara ya kwanza, mara ya pili. Katika kuinama mara ya tatu anaona, kati ya miguu yake mwenyewe, ukuta.)

Hiki... hiki nini hiki?

(Kidole Kimoja, bila kusimama: "Kiendelezi, mheshimiwa. Cha kuzuia matangazo. Mtoto wa watu amepata nafasi yake.")

Kimetoka kabati gani?

("Hakijatoka kabatini. Nimekiweka sasa hivi. Ni bure.")

Karani, umegusa kifaa kilicho ndani ya utepe! Kiondoe mara moja, hapo hapo, mbele ya macho yangu!

("Nitakiondoa, bosi wangu. Ila nikishakiondoa, wewe utazindua nini?")

(Mkurugenzi anafungua ukurasa wa kumi na tisa. Anautazama mbele, anaugeuza nyuma. Anakunja hotuba, anaiweka mfukoni.)

Ndugu wananchi. Kama nilivyokuwa nikieleza tangu mwanzo, na kama mlivyojionea kwa vitendo, ambavyo mimi binafsi niliagiza vifanyike nyuma yangu ili nisionekane najisifu, mradi unafanya kazi. Naomba mnipokee! Viendelezi! (Ukumbi: "Kidole Kimoja!") Nimesema, Viendelezi! (Ukumbi, kwa nguvu zaidi: "Kidole Kimoja!") Idara sikivu! ("Ya Kidole Kimoja!") Haya, inatosha.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchora bango, kwa kuwa bango lilikamilika kwa wakati. Namshukuru seremala wa jukwaa. Namshukuru aliyetuuzia utepe, mita tatu, na nusu mita ya akiba. Nawashukuru hawa kwa moyo mweupe, maana ukiacha kazi yao hapakuwa na kitu kingine. Ofisi kuu ilituomba picha za uzinduzi, haikutuomba mradi. Na kwa mamlaka niliyopewa, naukata utepe huu na kuuzindua rasmi mradi ambao mpaka alasiri ya leo haukuwahi kuwapo. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayemsikiliza. Wote wamepanga foleni mbele ya kompyuta, na fundi wa cherehani anawaonyesha kitufe kilipo.)