Bastola Chini ya Barong

Jumatatu, 6 Januari

Kibali kimefika. Miezi minane! Nimepimwa mkojo, nimepimwa macho, nimepimwa akili, nimeandikiwa barua na padri, na nimeapa kwamba maisha yangu yamo hatarini. Karani aliuliza nani ananitishia. Nikasema wengi. Akaandika "hajulikani". Daktari wa akili alinipa karatasi nichore mtu yeyote, nami nikamchora shemeji yangu Dencio. Akauliza mbona huyu mtu hana shingo. Nikamjibu kwamba hana. Alinitazama muda mrefu kabla ya kugonga mhuri.

Sasa naweza kubeba bastola nje ya nyumba yangu popote Ufilipino, mradi iwe imefichwa. Hapo ndipo roho inaniuma. Nikiificha, nani atajua?

Nimemwonyesha mke wangu Nenita kibali wakati anapanga mayai kwenye trei. Amesema vizuri, sasa nenda kawape kuku chakula.

Jumatano, 8 Januari

Binti yetu Marivic anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Huku kwetu Batangas bibi harusi husindikizwa madhabahuni na baba upande mmoja, mama upande mwingine. Ni watu wawili tu, na ndivyo ilivyokuwa kwa bibi yangu na bibi wa bibi yangu.

Leo Marivic amenijia dukani, kwenye magunia ya chakula cha kuku. Ni muuguzi, kwa hiyo huzungumza polepole, kana kwamba mtu ana kidonda. Akaniuliza kama nitakwazika mjomba Dencio akitembea pamoja nasi. Baba, mama na mjomba, wote watatu. Nikamwuliza kama anaolewa au anahamisha kabati.

Akaokota mkoba wake, akaondoka. Nilijua nimekosea. Sikumwita.

Lakini nisemeje? Miaka kumi na moja nimefunga viyoyozi ughaibuni, Dammam, kwenye nyumba za watu, ili mtoto asome. Miaka hiyohiyo Dencio, kaka yake Nenita, sajini wa polisi wakati ule, alikuwa anampeleka shule kwa pikipiki. Mimi nilituma ada, yeye akatuma pikipiki. Ikija homa aliitwa Dencio. Likija jino bovu aliitwa Dencio. Nilirudi nikakuta mtoto ana miaka kumi na saba na ananiamkia kama mgeni wa padri.

Na Dencio ana nini hasa? Ana kipochi cha ngozi kiunoni. Basi. Kila mtu anajua ndani yake mna nini. Kwenye mapambano ya majogoo watu humpisha akae mbele. Marivic akiniona mimi ninavyopishwa, atasahau habari ya watu watatu.

Ijumaa, 10 Januari

Nimepata mpango. Usiku mzima sikulala kwa furaha.

Nahitaji kusimamishwa na polisi mbele ya ukoo wa bwana harusi. Polisi watauliza, nitatoa kibali taratibu, watasoma, watanipigia saluti. Marivic ataona. Baba yake Jomar, bwana harusi, ni mwalimu mkuu na hucheka kwa pua; naye ataona. Sitakuwa nimemwonyesha mtu bastola. Nitakuwa nimeulizwa.

Tatizo ni kwamba mji wetu hauna kizuizi hata kimoja. Nimekwenda kituoni kuuliza kwa adabu lini wataweka. Askari wa zamu akauliza kwa nini nataka kujua. Nikasema nauliza tu. Akaandika jina langu kwenye daftari.

Jumapili, 12 Januari

Mungu yupo! Tumetoka misa ya asubuhi, nakuta kizuizi barabara kuu, karibu na daraja. Askari saba, koni za plastiki, bango kubwa jeupe. Sikuwa na miwani. Herufi nyingi, na nembo ya serikali juu. Nadhani ni mambo ya mikanda ya viti.

Nimemshusha Nenita nyumbani nikarudi kupeleleza. Nimepita mara tatu. Utaratibu ni mtamu: unashusha kioo, wanatazama, unapita. Hawapekui gari wala mfuko. Wanachokiona kwa macho ndicho hichohicho. Mara ya tatu askari wa kike, Koplo Magsino kwa mujibu wa kibandiko kifuani, ameniuliza, bosi, umepotea au umependa? Nikamwambia napenda usalama. Wenzake wakacheka, sijui kwa nini.

Redio inasema vizuizi vimewekwa nchi nzima kuanzia leo. Serikali hatimaye imeamka. Nikazima redio nikatafute muziki wa harusi.

Jumanne, 14 Januari

Ushindi wa kwanza. Dencio amekuja dukani bila kipochi. Kiuno kitupu! Nilimwona na Jumatatu vilevile, nikadhani nimeona vibaya. Habari za kibali changu zimemfikia na ameingiwa na baridi.

Alinunua pumba, akaegemea meza, akashusha sauti. Akasema shemeji, umesikia la Jumapili, sivyo? Ile kitu yako ifungie kabatini mpaka uchaguzi upite. Mimi yangu nimeifungia, funguo nimempa mama watoto. Mwaka huu hawana utani, hata diwani wa zamani wamembeba juzi.

Nikamwambia ahsante sana kwa kunijali. Moyoni nilikuwa nacheka. Mtu amezoea kuwa jogoo peke yake, sasa anataka sote tuwe mitetea. Tena eti uchaguzi. Uchaguzi unanihusu nini mimi? Sigombei chochote.

Alipofika mlangoni akageuka, akasema, "Panyo, ni siku ya mtoto. Usituletee mambo." Akatoka. Nimepiga hesabu ya pumba yake upya baada ya kuondoka, nikagundua nilimzidishia.

Alhamisi, 16 Januari

Jaribio la mavazi. Akili nilizopewa na Mungu ni nyingi kuliko nilivyodhani.

Baba wa bibi harusi huvaa barong, na barong ni barong: shati la nyuzi za nanasi, jepesi, unaona mpaka mshono wa fulana. Inaning'inia nje ya suruali. Nikiweka bastola kiunoni, juu ya fulana, imefunikwa na nguo. Kisheria imefichwa. Lakini mwenye macho ataiona, nyeusi tii, kama samaki kwenye maji masafi. Nimejitazama kwenye kioo upande wa kushoto, upande wa kulia, na nikiwa nimeinua mikono.

Nenita ameingia akaniuliza kama ngiri imerudi. Nikamwambia ni ulinzi. Akakaa kitandani. Akasema, "Panyo wee, siku moja tu. Siku moja usiwe na mpango." Nikamwambia sina mpango wowote. Akaendelea kushona shanga za ushungi wa Marivic, na mimi nikaona aibu kidogo, ikapita.

Dereva wa gari la bibi harusi, mzee Ipe, nimempa maelekezo kwamba tutapita barabara kuu. Akasema lakini kanisa liko nyuma ya soko, bosi, dakika mbili hata kwa miguu. Nikamwambia bibi harusi si mchuuzi wa dagaa. Mwalimu mkuu nimemshawishi atufuate na gari lake pamoja na wasimamizi, kwa heshima ya msafara. Amecheka kwa pua na kukubali.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika nyuma ya kadi ya mwaliko. Niko mahabusu.

Wacha niandike kwa mpangilio, maana mwanasheria ataihitaji. Ndoa ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa tatu kasorobo tuko kwenye kizuizi. Nyuma Nenita na Marivic; Marivic kwenye gauni jeupe, mzuri mno mpaka nilishindwa kumtazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameniwekea mkono begani tangu tuondoke nyumbani. Alikuwa ameanza kusema, "Baba, kuna kitu nataka kukwambia," nami nikamwambia subiri kidogo mwanangu, tumefika.

Koplo Magsino akainama dirishani. Akaona bibi harusi, akatabasamu, akasema hongera sana, piteni, msichelewe. Akapunga mkono.

Hakuniangalia hata mara moja. Hilo ndilo linaloniua.

Nikamwuliza kama hawatakagua. Akasema hapana bosi, tunatazama tu, nendeni. Mzee Ipe akatia gia. Nyuma yetu magari manne ya wakwe, vioo wazi, wote wanatazama. Miezi minane ya mkojo na mihuri ilikuwa inanipita hivihivi. Nikafungua mlango nikashuka. Nikanyoosha mikono juu, kama kwenye kioo. Upepo wa darajani ukafanya kazi yake.

Koplo akaona. Wenzake sita wakaona. Kisha wote wakasema jambo moja kwa wakati mmoja, nami nikalala kifudifudi barabarani na barong yangu mpya.

Nikawaambia kibali kiko mfuko wa kushoto. Koplo akakisoma, mbele na nyuma. Hakupiga saluti. Akauliza kwa upole, na kibali cha tume ya uchaguzi, mzee? Nikasema hicho ndicho kibali, kimesainiwa na wakubwa wake. Akasema, "Mzee wangu, vibali hivi vyote vimelala tangu Jumapili. Mpaka Juni. Nchi nzima." Akanyoosha kidole kwenye bango. Nikiwa chini pale, kwa pembe ile, nililisoma bila miwani. MARUFUKU KUBEBA SILAHA KIPINDI CHA UCHAGUZI. Herufi ndefu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilimwomba anifunge pingu baadaye, baada ya kanisa. Akasema angependa, lakini kuna kamera za simu kumi na mbili. Kweli zilikuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa ameishika yake kwa mikono miwili.

Nenita hakupiga kelele. Alimwambia mzee Ipe, "Twende." Marivic aligeuka akanitazama kwenye kioo cha nyuma, mpaka gari lilipokata kona. Kengele ya kanisa nimeisikia nikiwa kwenye gari la polisi.

Kosa lenyewe ni mwaka mmoja hadi sita. Wamenichukua mkanda na kamba za viatu.

Jumapili, 19 Januari

Marivic amekuja. Ndoa ina siku moja, naye yuko benchi la mahabusu na bakuli la wali na ngozi ya nguruwe wa kuchoma, ile sehemu kavu ninayoipenda. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Akasema kitu alichotaka kuniambia garini ni hiki. Siku ya Ijumaa alikwenda kwa mjomba wake, akamwomba akae na watu wengine, kwa sababu amefikiri na anataka kutembea na baba yake na mama yake tu. Dencio akacheka, akasema mbona umechelewa kuniambia, mimi nilijua tangu mwanzo nafasi ile si yangu. Akambusu kwenye paji la uso.

Nikamwuliza basi jana nani alikuwa upande wangu. Akasema hakuna. Padri alimwita Dencio achukue nafasi, watu wakamwita, Nenita akamwita. Alikataa. Akasema mwenye upande yupo, amechelewa tu. Wakasubiri nusu saa. Kisha Marivic akatembea na mama yake, na upande wa kushoto pakawa patupu mpaka madhabahuni.

Alilia. Mimi nililia pia, naandika wazi. Nilishika vyuma. Miaka kumi na moja niliiota safari ile ya hatua arobaini, na alikuwa ameshanipa, nami nilimwambia asubiri kidogo.

Alipoondoka nilikula ngozi yote.

Jumanne, 21 Januari

Nimetoka kwa dhamana. Kesi ni Machi. Aliyeniwekea dhamana ni Dencio, kwa hati ya shamba lake. Amenirudisha nyumbani kwa pikipiki, nimekaa nyuma kama mtoto wa shule.

Sasa nimetulia, nimefikiri kwa kichwa baridi. Mtu anakubali kirahisi hivyo kukaa pembeni? Anakataa kutembea ili kila mtu amsifu kwa kukataa? Anatoa na shamba juu yake? Huyo ana mpango. Ananunua sifa kwa jumla. Na mimi siwezi kukaa nikitazama.

Marivic amepiga simu. Alhamisi anapika kwake kwa mara ya kwanza, supu ya mifupa, na ametualika mimi na mama yake tu. Sauti yake ilikuwa laini. Amesema, "Baba, njoo mapema, tukae." Nimemwambia nitakuja, nitachelewa kidogo.

Kwanza nina jambo darajani. Nimempata mshona viatu aliyenitengenezea mkoba wa bastola wa ngozi, mzuri, na ndani yake hamna kitu. Mtupu kabisa. Nitauvaa chini ya barong, Nenita ameshatoa doa la lami. Watanirukia, watanilaza chini, watafungua mbele ya watu wote, na watakuta hewa. Ndipo tutaona nani anampigia nani saluti. Koplo Magsino anaingia zamu Alhamisi saa kumi na moja, saa ileile ya supu.