Ungo Uliovunjika Mkutanoni

Mwanaidi, na ninyi wenzake wote wa genge la matunda hapo Muheza, tulipouza pamoja miaka minne, leo nimevuliwa nguo mbele ya mkutano wa kijiji. (Si nguo za kweli. Tulizeni roho.) Nimevuliwa na kitabu cha watoto. Kidogo hivi, hakizidi kiganja changu.

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Herufi zikipinda, mnisamehe.

Yule mjukuu wangu Beti mnamkumbuka, yule mrefu niliyekuja naye msimu wa plamu akawa anawasomea maandishi ya kwenye magunia. Sasa yuko darasa la sita. Mtoto huyo ana njaa ya kusoma kama wengine walivyo na njaa ya nyama. Vitabu vya hadithi pale shuleni viko viwili tu, na kimoja hakina mwisho, panya wameula. Beti amesoma vyote hadi anavikariri. Akinunua chumvi, anasoma karatasi iliyofungia chumvi. Juzi nimemkuta jikoni anausoma ukuta, maana niliuziba upepo kwa magazeti ya zamani. Nikamwambia, "Beti, ugali unaungua." Akanijibu, "Bibi, ngoja nimalize hapa, wamemkamata mwizi."

Ndiyo maana tuliposikia kuna gari linapita vijijini na sanduku la vitabu vipya vya watoto na vijana, Beti hakulala. Wiki tatu anachungulia barabara. Ukungu ukifunika bonde, anasema gari litapotea. Ukungu ukiondoka, anasema gari litapita tusilione.

Leo asubuhi likafika. Akashuka binti mmoja amevaa suruali (ndiyo, suruali, na baridi hii simlaumu) akajitambulisha kuwa ndiye mtunza vitabu. Sisi tukamwita Dada wa Vitabu, basi. Akasema mchana kutakuwa na mkutano wa wazazi. Wazazi wakikubali kuvitunza, sanduku linabaki kijijini. Wakikataa, sanduku linapanda gari linakwenda Mtae, na huko wanavisubiri kwa hamu.

Kabla ya mkutano akawaruhusu watoto washike kimoja kimoja, watazame. Beti akaja nacho nyumbani anakimbia, amekikumbatia kama kifaranga.

"Bibi, nishikie. Nimeona mwanzo tu. Nakwenda mtoni kuteka maji mara moja. Mikono yako mikavu?"

"Mikavu."

"Usikiweke karibu na moto."

"We mtoto, nimezaa sita sijaunguza hata mmoja!"

Akaondoka na ndoo. Nikabaki na kitabu. Sasa, ninyi mnajua kuwa mimi cheti cha kisomo ninacho. Kimetundikwa ukutani juu ya kitanda, mgeni akija namkalisha mahali ambapo lazima akione. Nikasema, kwa nini nisisome? Nikaweka kidole. Nikaenda polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Si-ku. Ni-li-po-vu-nja. U-ngo.

Nikarudia. Siku Nilipovunja Ungo.

Mwanaidi, nilisimama mwenyewe bila kuinuliwa!

Maana neno hilo ulinifundisha wewe. Unakumbuka? Tumekaa genge pale, wewe na peasi zangu mbele yako, ukaniambia, "Shoga, binti yangu amevunja ungo." Mimi nikasema pole, nitakuletea mwingine kutoka Lushoto, kwetu zinasukwa nzuri. Mkacheka mpaka mkamwaga machungwa. Ndipo ukaninong'oneza kuwa Waswahili wakisema msichana amevunja ungo wana maana amepata siku zake za kwanza, amekuwa mwanamke. Nikasema hicho ndicho Kiswahili cha ndani, na nimekibeba mpaka huku mlimani. Kwetu huku Kishambaa ndicho cha nyumbani, na Kiswahili cha wengi ni cha mkutano na cha redio. Cha mafumbo ninacho mimi peke yangu. (Nilikuwa nacho.)

Nikatazama picha ya juu. Kasichana kamejifunika uso, kanalia. Bibi yake amesimama, mikono kiunoni. Chini ya jina la kitabu imebandikwa karatasi nyeupe yenye namba. Nikasema yametimia. Mambo ya ndani, mambo ambayo bibi anamwambia mjukuu wakiwa wawili, mlango umefungwa, leo yamepigwa chapa na kutiwa rangi, na watoto wa darasa la pili wanayabeba njiani!

Mtaniuliza, ulifungua ndani? Sikufungua. Kufungua kwa nini? Nyoka ukiona mkia, utamvuta umwone na kichwa?

Nikakifunga kitabu ndani ya khanga, nikatoka. Njiani nikakutana na Beti anapanda na ndoo kichwani.

"Bibi, unakipeleka wapi?"

"Mkutanoni."

"Bibi, hicho ni cha kuchekesha!"

"Cha kuchekesha? Siku hizi mnayachekea hayo?"

"Bibi, subiri nikwambie..."

"Mimi ndiye niliyemzaa mama yako, nisubiri wewe uniambie?"

Nikampita. Na mguu huu mbovu, leo ulikwenda kama wa msichana.

Mkutano ulikuwa umeanza, hapo nje ya shule. Mwenyekiti wa kijiji yuko kwenye kiti. Mchungaji na mwalimu wa madrasa wamekaa benchi moja, kama kawaida yao, wanapeana ugoro. Wanawake upande wetu. Dada wa Vitabu anaeleza faida za kusoma, watu wanaitikia. Nikanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba nafasi."

"Karibu, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sanduku hilo lirudi garini."

Dada wa Vitabu akabaki mdomo wazi. Mwenyekiti akauliza kuna nini. Nikasema, "Kuna neno juu ya kitabu hiki siwezi kulitamka mbele ya wanaume."

Mama Hiza, jirani yangu (mnamsikia kila mwaka kwenye barua zangu, hajabadilika), akachukua kitabu, akasoma kwa sauti kama karani. "Siku Nilipovunja Ungo. Sasa hapo pana nini? Ungo si ungo tu?"

"Mama Hiza," nikamwambia, "Kiswahili chako kimeishia Lushoto mjini. Mimi nimekaa Muheza miaka minne."

Nikamvuta sikio, nikamnong'oneza. Macho yakamtoka. "Yesu wangu!" Akamnong'oneza wa pili. Wa pili akamwambia wa tatu. Nikaliona neno linatembea kwenye benchi la wanawake kama moto kwenye majani makavu, kila anayelipokea anashika kifua. Lilipofika mwisho likaruka kwa wanaume. Mwalimu wa madrasa akaacha ugoro. Mchungaji akaanza kuutazama mlima wa mbele kwa makini sana.

Wakaanza. "Haya ndiyo wanayotuletea watoto wetu!" "Na suruali yake!" "Liende Mtae, huko wana baridi zaidi!" Mwenyekiti akasema kama mambo ndiyo haya, vijana wawili walibebe sanduku.

Nikakaa chini nimejaa. Nasema wazi, nilijiona mkubwa. Wanawake wananitazama kama niliyewavuta watoto kutoka mtoni.

Ndipo nikamwona Beti. Amesimama pembeni ya mkutano, ndoo bado kichwani, maji yanamwagikia sweta yake wala hana habari. Anatazama sanduku linavyoinuliwa. Hakulia. Wiki tatu za kuchungulia barabara zilikuwa usoni pake. Roho ikaniuma, lakini nikajiambia, dawa ni chungu.

Dada wa Vitabu akasema kwa adabu, "Bibi, shikamoo. Umekisoma?"

"Marahaba. Nimekisoma." (Nilisoma jalada. Jalada si sehemu ya kitabu?)

"Basi naomba utusomee mwanzo tu. Sote tuusikie ubaya wake, ili na mimi nikawaeleze walionituma."

Mama Hiza akadakia, "Asome! Si ana cheti!"

Ningekataaje? Wabeba sanduku wakaliweka chini, wasikilize. Nikasimama. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Hauna picha, maneno matupu. Nikaweka kidole.

"Si-ku hi-yo. Bi-bi ha-ku-wa-po. Ni-li-ku-wa pe-ke ya-ngu."

Nikainua kichwa. "Mmesikia? Peke yake!" Wanawake wakaguna, masikini mtoto.

"Ni-li-ku-wa ni-me-cho-ka. Ni-ka-ka-a. Gha-fla ni-ka-si-ki-a, ka-cha!"

Mama mmoja akajifunika uso kwa khanga. Mchungaji akahamia mlima mwingine.

"Ni-ka-o-go-pa. Ni-ka-ta-za-ma chi-ni. Ni-ka-se-ma, o-le wa-ngu! Bi-bi a-ki-ru-di, ni-ta-mwa-mbi-a ni-ni?"

Nikakifunga. "Nadhani inatosha."

"Inatosha!" wakaitikia.

"Bibi, tafadhali," Dada wa Vitabu akasema, "geuza ukurasa. Mmoja tu."

Nikageuza kwa hasira. Hapo palikuwa na picha, imejaa kurasa mbili. Sikuitazama. Mimi msomaji, nasoma maneno.

"Ma-ha-ra-ge ya-ka-mwa-gi-ka ya-o-te. Ku-ku wa-ka-ja mbi-o."

"Kuku?" Mwenyekiti akauliza.

Nikarudi nyuma na kidole. Labda nimekosea herufi. Ku. Ku.

"Kuku," nikasema.

"Kuku wanatafuta nini hapo, Bibi?"

Ndipo nikatazama picha. Wenzangu, kasichana kamekalia ungo! Ungo wa kupepetea! Makalio yamezama ndani, miguu iko juu kama mbuzi aliyeanguka mtaroni, na kuku saba wanakula maharage.

Nilitamani ukungu. Siku zote ukungu unakuja bila kuitwa, leo jua linawaka mpaka Mombo kule chini bondeni unaiona!

Beti akatua ndoo. Akaja, akachukua kitabu mikononi mwangu taratibu, akabandua ile karatasi ya namba kwa ukucha. Chini yake palikuwa na maneno mawili yaliyofunikwa. Akayasoma kwa sauti ndogo.

"Wa Bibi."

Siku Nilipovunja Ungo wa Bibi.

Wa kwanza kupasuka alikuwa Mchungaji. Nilidhani anakohoa. Akamwegemea mwalimu wa madrasa, naye akafuta machozi kwa kofia. Kisha mkutano mzima ukaenda. Wanaume wanapiga benchi. Mama Hiza amelala kwenye majani, anarusha miguu, anapiga kelele, "Miaka minne Muheza! Miaka minne!"

Hata Dada wa Vitabu alicheka, na akasema karatasi aliibandika mwenyewe, samahani sana. Samahani yake inisaidie nini?

Ningeweza kuondoka. Nilikwisha shika pindo la khanga nijifunike nikimbilie kwangu. Lakini sanduku lilikuwa bado pale karibu na gari, kila mtu anacheka, hakuna anayelikumbuka. Beti peke yake hacheki. Anatazama sanduku, kisha ananitazama mimi.

Avuliwaye nguo huchutama. Nami nikachutama.

"Ndugu Mwenyekiti!" nikasema. "Nimekosea. Neno nalijua, kitabu sikukifungua. Macho yangu yameishia mlangoni, nikawaambia ninyi nyumba ni chafu. Nichekeni, nimestahili. Lakini watoto wasilipie ujinga wangu. Sanduku libaki."

Kicheko kikapungua kidogo kidogo. Mwenyekiti akajikaza, akauliza wanaokubali vitabu vibaki wanyooshe mikono. Mimi nikanyoosha miwili. Akahesabu mikono mpaka akachoka, akasema, "Vimebaki. Na wa kwanza kuazima ni Bibi, maana hapa ndiye peke yake aliyesoma kurasa mbili."

Wakaanza tena kucheka. Wacha wacheke.

Tumerudi, mimi mbele, Beti nyuma na ndoo na kitabu. Sikumwangalia. Tulipofika kwenye mgomba wa mwisho akasema, "Bibi, umesoma vizuri. Hukukosea hata herufi moja."

Ndiyo, Mwanaidi. Hata moja. Kilichonipoteza ni Kiswahili chako!

Tukaingia ndani. Nikamwambia, "Haya, lete. Nisomee ilikuwaje yule bibi aliporudi." Beti akaruka kwa furaha, akaanza kusoma hata kabla sijakaa. Bibi wa kitabuni amerudi kutoka shambani, anaona kuku wameshiba, anauliza nani kafanya haya. Mimi namtazama mtoto, sauti yake inavyopanda na kushuka, anaigiza bibi, anaigiza kuku, nimesahau na aibu yangu yote. Nikavuta kigoda kwa mguu bila kutazama. Nikakaa.

Kacha!

Beti akashusha kitabu. Asubuhi nilikuwa nachambua maharage, nikauacha ungo juu ya kigoda.

"Bibi..."

"Soma."

"Bibi, lakini ume..."

"Nimesema soma!"

Maharage yako sakafuni. Kuku wangu wamekwisha chungulia mlangoni. Na Beti ameanguka kitandani, chini ya cheti changu, anacheka mpaka anakosa pumzi.

Basi, Mwanaidi, Mama Hiza ana ndugu hapo Muheza, na habari zitafika kabla ya barua hii. Mkisikia kwamba mimi, mwenye wajukuu saba na meno yaliyobaki kwa kuhesabu, leo nimevunja ungo, naombeni mfungue ndani kwanza ndipo mcheke.